Shajara ya mradi: chupa za kupimia pua kwa harufu za Uganda

Wiki ya 1: lengo, na kwa nini hatununui kilichopo

Tunatengeneza seti ya chupa za kupimia uwezo wa mtu mzima wa kunusa. Itengenezwe Kampala kwa vitu vinavyopatikana Kampala, na chupa moja ikichakaa ibadilishwe bila kuagiza seti nzima kutoka ng'ambo. Ina sehemu mbili. Ya kwanza inatafuta kizingiti: harufu ikizimuliwa hadi wapi, pua bado inaihisi? Ya pili inatafuta utambuzi: pua ikishaihisi, mtu anajua ni ya nini?

Vipimo vinavyojulikana zaidi ni viwili. UPSIT ya Marekani ilitolewa mwaka 1984 na Richard Doty na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Ni vijitabu 4 vyenye harufu 10 kila kimoja. Mpimwaji anakwaruza karatasi kwa penseli, ananusa, anachagua jibu moja kati ya manne. Sniffin' Sticks ya Ujerumani, iliyochapishwa mwaka 1997, ni kalamu zilizotiwa harufu mahali pa wino. Vyote viwili ni vipimo vizuri na tumejifunza kwavyo taratibu nyingi. Tatizo liko kwenye utambuzi. Ndani ya UPSIT mna tango lililochachushwa, pai ya maboga na jibini ya cheddar. Mkulima wa Soroti anaweza kuwa na pua kali kuliko ya daktari anayempima, lakini akashindwa maswali hayo yote kwa sababu vyakula hivyo havijapita jikoni kwake. Alama zake zitashuka, na karatasi itasema pua yake ina hitilafu. Kutambua harufu ni kazi ya kumbukumbu, na kumbukumbu hujengwa sokoni, shambani na mezani.

Uamuzi wa kwanza wa mradi unatoka hapo. Kizingiti kipimwe kwa kemikali moja safi, isiyomjua Mganda wala Mjerumani. Utambuzi upimwe kwa harufu za hapa.

Uamuzi wa pili ni wa lugha. Kiswahili kina kunuka, kunukia na kunusa, na kila kimoja kina kazi yake. Ukimwuliza mtu "inanukia nini?" umeshampa dokezo kwamba harufu ni nzuri, ataondoa samaki na mafuta ya taa kwenye orodha kabla pua haijafanya kazi. Ukisema "inanuka nini?" umempa dokezo la kinyume. Maneno ya maelekezo yawe haya tu: "Nusa. Harufu hii ni ya nini?" Watakaotafsiri kwa Luganda, Runyankole na Acholi waambiwe mapema waepuke mtego huohuo. Luganda nayo ina neno *akawoowo* kwa harufu ya kupendeza, na hilo lisiingie kwenye swali.

Wiki ya 2: njia ya harufu, kutoka tunduni hadi ubongoni

Tunaandika haya kabla ya kununua hata chupa moja, kwa kuwa kila sharti la utengenezaji linatokana na jinsi pua inavyofanya kazi.

Hewa inayovutwa kwa utulivu hupita zaidi chini na katikati ya pua, ikielekea kooni. Utando unaonusa haupo huko. Uko darini, kama sentimita 7 kutoka tunduni, ndani ya mwanya mwembamba unaofikiwa na sehemu ndogo tu ya hewa. Anayetaka kujua kama maziwa yamechacha anavuta pumzi fupi fupi zenye nguvu, na pumzi hizo ndizo zinazoirusha hewa juu. Kwa hiyo mpimwaji lazima aelekezwe kunusa, mara mbili au tatu, kwa muda wa sekunde 3. Akiachwa apumue tu, tutapima upepo wa pua badala ya neva.

Molekyuli ikifika darini inakuta ute, na inabidi ipenye uteni ndipo ivifikie vinyweleo vya seli za kunusa. Juu ya vinyweleo hivyo kuna vipokezi. Jeni zake ziligunduliwa na Linda Buck na Richard Axel mwaka 1991, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi vinavyofanya kazi, na kwa kawaida kila seli hubeba aina moja tu. Molekyuli ikishikana na kipokezi, protini ya ndani inaamsha kimeng'enya, kimeng'enya kinatengeneza AMP ya mzunguko, molekyuli ndogo inayopeleka ujumbe ndani ya seli, nayo inafungua milango ya ioni. Kalsiamu na sodiamu zinaingia, kloridi inatoka, seli inatoa mshtuko wa umeme.

Kalsiamu hiyohiyo iliyoingia inarudi kuifanya milango iwe mizito kufunguka. Hiyo ni mojawapo ya sababu za mtu kuacha kuisikia harufu ya chumba alichokaa muda. Katika mradi huu jambo hilo lina tafsiri moja: kati ya harufu na harufu, angalau sekunde 30 za hewa safi. Kuna desturi ya kunusa punje za kahawa ili "kuosha pua" katikati. Haina faida kuliko hewa ya kawaida, tena kahawa ni mojawapo ya majibu yetu. Marufuku.

Aina 400 zinatosha vipi kwa harufu nyingi kiasi hiki? Molekyuli moja huamsha aina kadhaa za vipokezi, na kipokezi kimoja huamshwa na molekyuli kadhaa; ubongo husoma mpangilio mzima. Amadinda ya Buganda ina mbao 12 tu, na hakuna anayedhani inaweza kupiga nyimbo 12 tu. La muhimu kwa mtengenezaji wa chupa ni kwamba mpangilio hubadilika kiwango kikibadilika. Harufu ikizidi nguvu, vipokezi vya ziada vinaitikia, na mtu anaweza kuiona ni kitu kingine kabisa. Chupa iliyojazwa kupita kiasi inaweza kuharibu swali kama iliyopungua.

Nyuzi za seli hizi zinapanda ubongoni kupitia kipande cha mfupa chenye vitundu kama chekecheo, hadi balbu ya kunusa. Nyuzi za aina moja ya kipokezi hukutana kwenye vifundo vyake maalumu. Anayeanguka na boda boda na kupiga kisogo anaweza kupoteza harufu bila pua kuguswa: ubongo unasogea ghafla, nyuzi zinakatika pale chekecheoni. Kutoka kwenye balbu habari inakwenda moja kwa moja kwenye gamba la kunusia na amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hisia za moyoni, pasipo kupitia kwanza thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo, kama ilivyo kwa macho na masikio. Kuipata harufu na kuitaja jina ni kazi mbili. Watu wengi wenye pua nzima huganda kwenye hatua ya jina, na kwa sababu hiyo tutampa mpimwaji picha nne achague.

Mambo mawili zaidi, yote ya lazima.

Pua ina mlinzi mwingine, neva ya trijemino, inayohisi ukali, muwasho, ubaridi na moto. Amonia, siki kali, mentholi na pombe kali humfikia mlinzi huyu hata kwa mtu asiyenusa chochote. Harufu inayochoma haiwezi kuwa swali la kunusa.

Kisha kuna seli za kuegemeza, zilizo kando ya zile za neva. Virusi vya UVIKO-19 huingia mwilini kwa kushika protini ya ACE2, na hapo puani ACE2 iko kwenye seli za kuegemeza, siyo kwenye seli za neva zenyewe. Hiyo inasaidia kueleza kwa nini wengi walirudiwa na harufu baada ya wiki chache. Seli za neva za kunusa nazo huzaliwa upya maisha yote kutoka seli za chini ya utando, jambo ambalo ni nadra kwa neva. Kipimo kizuri kwa hiyo kiwe cha kurudiwa: mtu apimwe leo, na baada ya miezi 3, kwa chupa zenye nguvu ileile. Sharti hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote katika mradi.

Wiki ya 3: chupa, vifuniko, maji

Chupa 30 za kioo cha kahawia, ml 100, mdomo mpana wa sentimita 3 au zaidi. Hesabu: 10 za kizingiti, 4 za maji matupu, 12 za utambuzi, 1 ya siki, 3 za akiba. Tulianza na chupa za plastiki za kuminya kwa kuwa ni rahisi na hazivunjiki. Zimekataliwa. Plastiki laini hunyonya harufu na kuitoa polepole, na yenyewe ina harufu yake, hasa ikiwa ilikaa dukani juani.

Usafishaji umechukua siku tatu, na haukuwa muda uliopotea. Sabuni ya mche huacha manukato kwenye kioo, kwa hiyo tumetumia maji ya moto na magadi soda, kijiko kimoja cha chai kwa lita, tukasuuza mara tano, kisha chupa zikakaa ndani ya oveni ya nyuzi 110 kwa saa moja. Vifuniko havivumilii oveni. Vimechemshwa dakika 10 na kuanikwa kivulini. Mpira mwekundu wa ndani ya baadhi ya vifuniko unanuka wenyewe. Umetolewa, ukawekwa utepe mweupe wa mafundi bomba kwenye nyuzi za mdomo, mizunguko miwili. Kigezo cha kupita ni kimoja: chupa tupu ifungwe usiku kucha, asubuhi iwekwe na nyingine mbili, na mtu aliyefumba macho asiweze kuitofautisha. Chupa nne zilirudi kuoshwa.

Maji ya bomba hayafai kwa sababu ya klorini. Kuyachemsha kunaifukuza klorini, lakini yakichemshwa juu ya sigiri yanabeba moshi. Maji ya dukani yanategemea yamekaa juani muda gani. Tumechukua maji yaliyoondolewa ioni kutoka kwa muuzaji wa vifaa vya maabara. Onyo kwa atakayefuata shajara hii: ukiomba "maji ya betri" gereji, hakikisha kwa kusoma kibandiko kwamba si asidi. Ni vitu viwili vinavyouzwa pembeni kwa pembeni.

Wiki ya 4: mfululizo wa butanoli

Kemikali ya kizingiti ni n-butanoli, aina ya alkoholi, usafi wa 99% au zaidi. Kibandiko kiseme butan-1-oli; isobutanoli na butan-2-oli ni vitu vingine. Imetumika miaka mingi kwa kazi hii, inayeyuka kwenye maji hadi kama 7%, na kwa hiyo 4% inayeyuka bila shida. Mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia kama nyuzi 35, kwa hiyo kazi yote mbali na jiko na chini ya dirisha wazi. Inawasha macho, miwani ivaliwe.

Chupa ya 0: ml 2.4 za butanoli, jaza maji hadi ml 60. Hiyo ni 4%. Koroga kwa kuzungusha dakika 2. Toa ml 20, tia kwenye chupa ya 1 iliyo na maji ml 40. Zungusha. Toa ml 20, tia chupa ya 2, na kuendelea hadi ya 9. Kutoka ya 9 mwaga ml 20. Kila chupa inabaki na ml 40 za maji na nafasi ileile ya hewa juu yake. Nafasi hiyo isidharauliwe, maana mtu ananusa hewa, hanusi maji.

Viwango kwa asilimia: chupa ya 0 ni 4; ya 1 ni 1.33, ya 2 ni 0.444, ya 3 ni 0.148, ya 4 ni 0.0494, ya 5 ni 0.0165, ya 6 ni 0.0055, ya 7 ni 0.0018, ya 8 ni 0.0006, ya 9 ni 0.0002.

Mfululizo wa kwanza umemwagwa wote. Chupa za maji matupu zilikuwa na harufu dhahiri. Chanzo ni bomba la sindano: tulitumia moja kwa kazi zote, tukilisuuza mara moja katikati. Hesabu yake ni rahisi na inatisha. Tone la ml 0.1 la chupa ya 0 likibaki ndani ya bomba na kuingia kwenye ml 60 za maji, maji hayo yanakuwa na 0.0067%, yaani yananuka kushinda chupa ya 6. Kizibo cheusi cha mpira kilicho ndani ya mabomba mengi ya sindano nacho hunyonya butanoli na kuitoa baadaye. Utaratibu mpya: maji yote yanapimwa kwanza, kwenye chupa zote, kabla chupa ya butanoli haijafunguliwa. Baada ya hapo kila hatua ina bomba lake jipya la vipande viwili, lisilo na mpira. Mabomba 10 kwa mfululizo mmoja. Ni gharama ya lazima.

Joto. Mvuke wa butanoli hukaribia kuongezeka maradufu kutoka nyuzi 20 hadi 30. Hatua kati ya chupa na chupa ni mara tatu. Kwa hiyo chumba kikipanda kutoka asubuhi ya Kampala yenye mvua hadi alasiri chini ya bati, chupa ileile imesogea karibu theluthi mbili za hatua bila mtu kuigusa. Upimaji utafanyika kati ya nyuzi 22 na 25, kipimajoto kikiwa mezani na kusomwa kabla ya kila mtu. Chupa zisishikwe kwa viganja, zishikwe shingoni.

Tulidhani chupa zingepoteza nguvu kwa kufunguliwa mara nyingi. Hazipotezi kwa kiasi cha kujali. Butanoli inapenda maji, na hewa yote iliyo juu ya chupa ikitoka, kinachoondoka ni chini ya sehemu 1 katika 1,000. Adui wa kweli ni bakteria, ambao huila butanoli kwa urahisi ikiwa imezimuliwa sana. Chupa ya 6 hadi ya 9 zitatengenezwa upya kila wiki mbili, na yoyote itakayopata ukungu kidogo machoni itamwagwa siku hiyohiyo.

Wiki ya 5 na ya 6: harufu 12

Masharti ya kuingia: inajulikana kuanzia Arua hadi Kabale, haichomi, inadumu angalau siku 3, haina hatari ikinuswa. Waliotolewa mapema ni tangawizi, pilipili, waragi (pombe kali ya Uganda) na dawa ya mentholi, wote kwa sababu ya neva ya trijemino. Moshi wa kuni ulionekana chaguo zuri hadi tulipokumbuka kwamba anayepika kwa kuni anao kwenye nguo na nywele. Chupa haiwezi kushindana na shati lake. Fenesi limetoka kwa kuchacha haraka.

Waliobaki: kahawa, vanila, karafuu, mdalasini, ndizi mbivu, chungwa, mchaichai, mukene (dagaa wa ziwani), kitunguu saumu, karanga za kukaanga, mafuta ya taa, samli.

Kahawa: gramu 3 za unga uliokaangwa wastani. Harufu yake ya kahawa iliyotoka kukaangwa inategemea sana viambato vya salfa ambavyo huharibika vikikutana na oksijeni. Baada ya wiki chupa inanuka karatasi iliyoungua. Ibadilishwe kila siku 7.

Vanila imetupa kazi, na inastahili maelezo kwa kuwa Uganda huilima kwa wingi, Mukono, Kasese na Bundibugyo. Ganda la kijani halina harufu ya vanila. Vanilini, kemikali inayotoa harufu hiyo, imefungwa kwenye sukari, na inafunguliwa na kimeng'enya cha ganda lenyewe wakati wa uandaaji: kuchovya kwenye maji ya nyuzi 63 hadi 65 kwa dakika kama 3, kufunika litoe jasho, kisha kukausha wiki nyingi. Ganda lililovunwa changa kwa kuogopa wezi halifiki popote hata likiandaliwa vizuri, na ndiyo sababu serikali hutangaza tarehe za kuanza kuvuna. Ganda lililoandaliwa vizuri lina vanilini karibu 2% ya uzito wake. Tulikatakata gramu 3 na kuziloweka kwenye ml 10 za gliserini ya duka la dawa. Harufu ilikuwa dhaifu kwa siku nne, kisha ikakaa. Spiriti ingeitoa haraka zaidi, lakini spiriti yenyewe inasikika na kuchoma. Vanilini hairuki kwa urahisi. Chupa hii ifungwe saa 12 kabla ya kutumika ili hewa ya ndani ishibe.

Mukene: shombo lake ni hasa trimethilamini. Hii ni besi, yaani kinyume cha tindikali. Kwenye tindikali inageuka chumvi isiyoruka, na mpishi anayekamulia samaki limau anafanya kemia hiyohiyo. Jaribio letu la kwanza lilinyamaza kwa sababu chupa ilikuwa imesuuzwa kwa siki. Sasa ni gramu 2 za mukene mkavu aliyesagwa, matone 5 ya maji na chembe ya magadi soda kama punje ya mchele. Ukizidisha magadi, amonia inatoka na chupa inaanza kuchoma. Hapo imeacha kuwa swali. Ibadilishwe kila siku 3.

Ndizi: bogoya, ile ambayo kwingineko inaitwa Gros Michel. Tunda halisi linachacha ndani ya siku mbili. Tumetumia isoamili asetati, kiambato kikuu cha harufu ya ndizi mbivu, tone 1 kwenye ml 10 za mafuta ya parafini ya duka la dawa. Matone 3 yalifanya kila mtu aseme rangi ya kucha. Hapo kiwango ndicho kilichobadilisha jina la harufu.

Chungwa: ganda lililokunwa, gramu 2, libadilishwe kila siku 3 kwa sababu limonini, kiambato kikuu cha mafuta ya ganda, inaharibika kwa hewa. Mchaichai: majani makavu gramu 2, yanasuguliwa kiganjani kabla ya kutiwa. Karafuu: punje 10 zilizopondwa, zinadumu miezi. Mdalasini: gramu 1 na si zaidi, maana nao huanza kuchoma. Mafuta ya taa: matone 3 kwenye pamba, chupa ifungwe kwa mkanda na ikae mbali na watoto na moto. Karanga: gramu 3 zilizosagwa, chini ya pamba, mwenye mzio wa karanga arukwe swali hili na jumla yake iwe 11. Samli na kitunguu saumu hazikuwa na matatizo, isipokuwa kwamba kifuniko cha kitunguu saumu hakitafaa tena kwa chupa nyingine yoyote.

Zote zimefunikwa pamba safi juu na kuvikwa karatasi ya alumini nje, macho yasifanye kazi ya pua.

Wiki ya 7: picha

Kila chupa ina kadi ya picha nne, jibu moja sahihi na matatu ya kupoteza. Majibu ya kupoteza yasikae karibu na sahihi. Chungwa na limau kwenye kadi moja ni swali la ubingwa, si la hospitali.

Picha ya chungwa imekataliwa na kila aliyeiona, na walikuwa na haki. Ilikuwa ya rangi ya machungwa ya ng'ambo. Machungwa ya Teso hubaki ya kijani au kijani-njano hata yakiiva, kwa sababu usiku wa huku hauna baridi ya kuondoa ukijani wa ganda. Tumepiga picha mpya sokoni Nakasero. Vanila nayo: picha ya ganda inatambuliwa na wakulima, picha ya keki inatambuliwa na wengine. Kadi sasa ina vyote viwili ndani ya fremu moja.

Wiki ya 8: utaratibu wa kupima

Mpimwaji asile, asivute sigara, asinywe chochote ila maji kwa saa moja kabla. Anayepima asivae manukato wala kula kitunguu. Kabla ya yote, mgongo wa mkono uwekwe chini ya pua: hewa inatoka pande zote mbili? Kwa kawaida tundu moja huwa limeziba kidogo kuliko jingine, na hubadilishana baada ya saa chache. Lakini pua iliyoziba kabisa kwa mafua haina maana kupimwa. Mtu arudi baadaye.

Kizingiti: chupa tatu, moja ya butanoli na mbili za maji, kwa mpangilio unaobadilika. Sentimita 2 chini ya pua, sekunde 3 kila moja. "Ipi ni tofauti?" Lazima achague hata akisema hajui, kwani wengi wanaosema hawajui huchagua sahihi kuliko bahati. Anza na chupa ya 9. Akikosea, panda hatua moja kwenye nguvu. Akipata mara mbili mfululizo kwenye chupa ileile, geuka ushuke kwenye udhaifu. Akikosea mara moja, geuka tena. Kupata kwa bahati mara moja ni 1 kwa 3, mara mbili ni 1 kwa 9, na hilo ndilo linalodai marudio. Endelea hadi migeuko 7. Kizingiti ni wastani wa migeuko 4 ya mwisho.

Pumziko la dakika 5, kisha chupa 12 za utambuzi.

Anayebahatisha tu atapata kama 3 kati ya 12. Anayepata 0 anahitaji kuangaliwa, kwa kuwa bahati tupu hutoa sifuri kama mara 3 tu kwa 100. Hapo ndipo chupa ya siki inapoingia. Asiyenusa kabisa bado atasema "inachoma". Anayedai hahisi lolote, hata mchomo, apimwe tena siku nyingine kwa upole bila kutuhumiwa. Wapo wachache wenye hitilafu ya neva zote mbili.

Alama zozote kwa sasa si utambuzi wa ugonjwa. Seti mpya haina viwango vya watu wazima wenye afya wa hapa, kwa umri na jinsia, na viwango vya Ujerumani haviwezi kuazimwa kwa harufu zisizo za Ujerumani. Kuvipata ni utafiti juu ya binadamu, unaohitaji kibali cha kamati ya maadili na usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda. Maombi yanaandikwa. Hadi yapite, chupa zinajaribiwa na timu tu, kutafuta kasoro za chupa.

Nyongeza kwa wauguzi waliouliza: mazoezi ya kunusa kwa waliopoteza harufu, yaliyochapishwa na Thomas Hummel na wenzake wa Dresden mwaka 2009, hutumia harufu nne, waridi, limau, karafuu na mkaratusi, mara mbili kwa siku kwa wiki 12. Tatu za mwisho zinapatikana karibu wilaya zote. Mkaratusi umepandwa nchi nzima. Chupa nne ndogo na pamba vinatosha kuanza.

Wiki ya 9: marekebisho

Vifuniko viwili vilibadilishana, cha 0 na cha 9, na chupa dhaifu kuliko zote ikawa inatambuliwa na kila mtu. Namba sasa imekwaruzwa kwenye kifuniko na chini ya chupa, na kila kifuniko kina rangi yake. Kalamu ya wino haikutumika kwa kuwa wino wake unanuka.

Chupa za maji matupu zinazungushwa: nne kwa zamu, maji yakibadilishwa kila asubuhi.

Mfululizo wa tatu: bomba la hatua ya 4 lilikuwa na kiputo cha hewa, na kipimo kilipungukiwa na kama ml 1. Kosa hilo linarithiwa na kila chupa inayofuata, hivyo ya 4 hadi ya 9 zimemwagwa, na ya 0 hadi ya 3 zimebaki. Ya 3 ilikuwa imeshatoa ml 20 zake, ikabaki na 40. Kuichota tena kungeiacha na 20 na kupanua nafasi yake ya hewa, kwa hiyo tumetengeneza mfululizo mdogo wa pembeni kuanzia 4%, tukaufikisha ya 3, ndipo ya 4 mpya ikatolewa humo. Butanoli iliyobaki kwenye chupa ya muuzaji inatosha mifululizo mingi. Kilichoisha ni mabomba ya sindano yasiyo na mpira. Yameagizwa 40.